Inchi Isiyojipima, Wengine Wanaipimia



Mwezi uliopita nilimsindikiza yaya yangu kwenye depo moja ya madini, pembeni ya barabara ya Kolwezi. Yeye anachimba. Mimi nina lisansi ya kemia na sina kazi. Tulikuwa na mifuko mitatu ya kobalti. Mnunuzi akachukua ile mashine ndogo yenye sura ya bastola, ile wachimbaji wote wanaita Metorex, akaigusisha kwenye mfuko, sekunde chache tu, akasema: 1,4. Yaya akamwomba arudilie kupima. Akajibu: "Mudogo, mashine haisemake bongo."

Tukabeba mifuko mpaka depo ya pili. Mifuko ni ile ile, siku ni ile ile. Kule wakasema: 2,3.

Wewe unayejua bei za depo unajua kwamba kati ya 1,4 na 2,3 kuna minervali ya mtoto, au nyumba ya mwezi mzima. Yaya akanigeukia: "Weye ulisoma kemia miaka yote ile. Sasa nani anasema kweli?"

Sikuwa na jibu. Pengine wa kwanza alituibia. Pengine wa pili ndiye alikosea. Mimi mwenye diploma nilisimama pale kama mtu ambaye hajawahi kuingia darasani, maana ile mashine nilikuwa nimeisoma ubaoni tu, sijawahi kuishika mkononi. Haya yangu ya siku ile ndiyo inanisukuma kuandika leo. Na baada ya kuwaza sana nimeona kwamba si haya yangu peke yangu.

Tunasema kila siku juu ya uchaguzi, juu ya barabara, juu ya maji na umeme. Leo tunaomba muda wenu kwa jambo ambalo halisemwi barabarani: kupima. Nani anapima mali yetu, kwa mashine gani, na nani kati yetu anajua kuthibitisha kama kipimo ni cha kweli? Inchi isiyojipima, wengine wanaipimia. Na mwenye kukupimia ndiye anakuambia bei.

MASHINE HAISEMI UONGO, LAKINI INAKOSEA

Tuanze na ile bastola. Inapiga madini kwa mionzi ya X. Atomi zikipigwa zinashituka, kiisha zinarudisha mionzi yao wenyewe, na kila metali inarudisha kwa nguvu yake isiyofanana na ya nyingine. Shaba inarudisha kwa 8,05 keV, kobalti kwa 6,93, chuma kwa 6,40. Mashine inasoma nguvu hizo, inahesabu, inatoa asilimia. Kusoma vitu kwa mwanga au mionzi inayotoka ndani yao, hiyo ndiyo wanakemia wanaita spektroskopia. Si uchawi.

Sasa sikilizeni vizuri. Chuma ina mstari wa pili, kwa 7,06 keV. Mstari huo unakaa mlango kwa mlango na ule wa kobalti. Kama udongo wako una chuma mwingi, na mashine haikurekebishwa kwa udongo wa namna hiyo, inaweza kuchanganya majirani hao wawili na kukupa namba ya uongo, ya juu au ya chini. Jambo la pili ni maji: madini yaliyolowa yanatoa namba ndogo kuliko yaliyokauka. Jambo la tatu: mionzi hiyo inasoma ngozi ya juu tu ya jiwe. Haioni katikati ya mfuko. Ukipima jiwe moja ukasema umepima mfuko, ni kama kuonja punje moja ya wali na kusema sufuria yote imeiva.

Kipimo cha haki kinafanywa hivi: unachukua sehemu mbalimbali za mfuko, unakausha, unasaga, unachanganya, unagawa, kiisha unapima mara nyingi. Kabla ya hapo unapima kwanza unga ambao kiasi chake cha kobalti kinajulikana tayari, kusudi mashine yenyewe ijaribiwe. Sekunde tano juu ya mfuko wenye maji hazitoshi. Si lazima mnunuzi awe mwizi ndipo mchimbaji aibiwe. Inatosha kwamba mashine ni ya upande mmoja, na upande wa pili hauna hata mtu wa kuuliza: "Uliirekebisha lini?"

Ndugu zetu wa Masisi na Walikale wanaouza koltani na kasiteriti wanalijua jambo hili vilevile.

KUTOKA MFUKO WA YAYA MPAKA MFUKO WA SERIKALI

Mtu atasema: hayo ni mambo ya wachimbaji. Apana. Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Kodi ya Mine iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai malipo ya 3,5% kwa metali kama shaba, na 10% kwa madini yaliyotajwa kuwa ya lazima kwa inchi. Kobalti, koltani na germaniamu ziliingizwa humo mwezi wa Novemba 2018. Ni sheria nzuri. Lakini 10% ya nini? Ya thamani. Na thamani inatoka wapi? Inatoka kwenye karatasi ya labo inayosema: katika tani hii kuna asilimia kadhaa. Namba ikishuka kidogo kwenye karatasi, makuta inashuka kwenye hazina, na hakuna mtu amevunja mlango wa benki.

Angalieni germaniamu. Lile lundo kubwa la masalio ya kiwanda mnaloliona Lubumbashi, ambalo wengi wetu tumelipiga picha, ndani yake mna shaba, kobalti, zinki na germaniamu pia. Kwa macho ni uchafu mweusi. Ni mashine za labo ndizo zinaonyesha kwamba ni mali.

Angalieni Manono, kwenye lithiamu. Ile bastola ya depo haioni lithiamu hata kidogo, kwa sababu ni metali nyepesi sana na mionzi inayorudisha ni dhaifu, haiwezi hata kuvuka hewa. Njia moja ya kuipima ni kuyeyusha jiwe kwa asidi, kiisha kuingiza maji yale ndani ya moto wa mashine na kusoma mwanga wake mwekundu kwa nanomita 670,8. Yaani hapo ile bastola ya depo haisaidii. Siku mali ya Manono itaanza kutoka kwa wingi, je, tutakuwa na vijana wa Tanganyika wanaojua kusoma mwanga ule? Au tutangoja karatasi kutoka ng'ambo?

MAJI, MKOJO NA DAMU YETU

Kuna jambo linalouma zaidi ya pesa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walitoa utafiti juu ya watu wanaoishi karibu na mine na viwanda vya Katanga: kobalti katika mkojo wao ilikuwa nyingi mno. Mwaka 2018 walitoa mwingine juu ya Kasulo, kartiye ya Kolwezi ambapo watu walichimba mashimo katikati ya nyumba zao. Watoto ndio walikuwa na kobalti nyingi kupita wakubwa. Mwaka 2020 utafiti wa Lubumbashi ukaonyesha kwamba baba akifanya kazi inayohusu mine, hatari ya mtoto kuzaliwa na kilema inaongezeka.

Tunawashukuru watafiti hao, wengi wao ni walimu wetu. Lakini ule mkojo wa Katanga na Kasulo ulipimwa Ubelgiji. Mkojo wa mtoto wa Kolwezi ulipanda ndege ili mama yake ajue kilicho ndani ya mtoto wake. Utafiti unaweza kungojea ndege. Mama hawezi.

Na usifikiri utaona kwa macho. Shirika la Afya Duniani linasema risasi, ile plombo, isizidi miligramu 0,01 katika lita moja ya maji ya kunywa. Hiyo ni gramu moja tu ndani ya mabidoni 5.000 ya lita 20. Maji yanaweza kuwa meupe, matamu, baridi, na yakakuharibia mtoto. Ulimi hauwezi kukuambia. Kisima cha kartiye kinahitaji mashine na mtu anayejua kuitumia.

TULISOMA KUOGELEA BILA MTO

Sasa tuseme ukweli juu ya masomo. Chuo nilikosomea sitakitaja jina, maana wenzangu wa vyuo vingine wananiambia habari ni ile ile. Spektroskopia tuliisoma yote: sheria ya Beer na Lambert, mistari ya atomi, michoro mizuri ubaoni. Tulinakili, tulikariri, tulifaulu. Mashine yenyewe ilikuwepo, chini ya kitambaa, ndani ya chumba chenye kufuli. Taa yake iliungua mwaka ambao hakuna aliyekumbuka, na hakukuwa na gesi. Siku ya zoezi tulisimama wanafunzi zaidi ya hamsini, asistanti akafunua kitambaa, akatuonyesha: hapa maji yanaingia, hapa namba inatoka. Kiisha akafunika. Hilo ndilo zoezi letu la mwaka.

Hatumlaumu asistanti. Naye alifunzwa vile vile.

Kiisha unatoka na diploma, unapeleka dosie kwenye kampuni. Swali la kwanza: "Uko na uzoefu wa mashine gani?" Huna. Kazi inapewa mtu aliyeletwa kutoka mbali, na wewe unaambiwa vijana wa Kongo hawajui kazi. Vijana wa Kongo hawakupewa nafasi ya kujua. Kuna wenzangu wa promosheni wanauza yuniti za simu. Mmoja anaendesha pikipiki. Si haya kuendesha pikipiki, mzazi hula kwa jasho la mtoto wake. Lakini inchi imelipa miaka ya masomo, kiisha inamwacha mwanakemia barabarani wakati kila siku malori yanapita mbele yake yamebeba kemia.

Tena msituambie kwamba mambo haya ni ya juu sana kwetu. Bunsen na Kirchhoff walianza kusoma metali kwa rangi za moto kule Heidelberg mwaka 1859. Alan Walsh wa Australia alieleza njia ya kupima metali kwa mwanga unaonyonywa na atomi mwaka 1955. Mashine tunayoiomba ina umri wa babu zetu. Na inchi hii haikuwa ya mwisho: reakta ya kwanza ya nyuklia Afrika nzima iliwashwa Kinshasa, kwenye kilima cha chuo kikuu, mwaka 1959. Ya pili ikafuata mwaka 1972. Kwa reakta ya namna hiyo unaweza kupima metali ndogo sana ndani ya udongo na chakula. Imesimama tangu 2004. Tulikuwa na mlango, tukauacha ufungwe.

MASHINE PEKE YAKE NI SANDUKU

Hapa tuwe makini, kwa sababu viongozi wetu wanapenda sana kukata utepe. Wataleta mashine, watapiga picha, watapigiwa makofi, na baada ya mwaka mmoja mashine iko chini ya kitambaa. Hatutaki tena kitambaa.

Mashine ya moto inataka gesi ya asetileni na taa maalumu kwa metali inayopimwa: taa ya shaba, taa ya kobalti, taa ya plombo. Ile kubwa zaidi, inayopima metali nyingi kwa mara moja ndani ya plasma, inakunywa gesi ya argoni karibu lita 15 kwa dakika. Chupa kubwa ya gesi haifikishi hata masaa 12 ya kazi. Inataka umeme usioruka ruka, maji safi kabisa, asidi safi, na fundi anayejua kuifungua ikigoma. Ukinunua mashine bila bajeti ya gesi, umenunua meza ya bei kali.

Na mtu anayeitumia hafunzwi kwa semina ya siku mbili yenye kofia na soda. Anapaswa kujua kuchukua sampuli, kuyeyusha jiwe bila kupoteza metali, kupima maji matupu ili kujua uchafu wa labo yake mwenyewe, kutengeneza mstari wa kulinganishia, kurudilia kipimo, na kuandika namba pamoja na kiasi inachoweza kukosea. Zaidi ya yote, anapaswa kuwa na moyo wa kukataa mtu mkubwa anapomwambia: "Punguza kidogo." Kuna kanuni ya kimataifa kwa labo za vipimo, inaitwa ISO/IEC 17025. Labo ikiifuata kweli na kutambuliwa, karatasi yake inaheshimiwa hata mbele ya mnunuzi wa mbali. Huo ndio uhuru wa inchi kwenye karatasi.

Milango ya mafunzo ipo. Shirika la Kupinga Silaha za Kemikali, OIAC, lenye makao La Haye, linafundisha wanakemia wa inchi kama zetu kazi za mashine za labo, na lina pia mpango wa kuhamisha mashine zinazofanya kazi bado kutoka labo moja kwenda nyingine. Shirika la Nyuklia la Kimataifa, AIEA, linatoa nafasi za kujifunza vipimo. Marekani kuna Seeding Labs, inayopeleka vyombo vya labo kwenye vyuo vya inchi zisizo na uwezo. Lakini nafasi hizi nyingi zinapitia ofisi, na tangazo likifika ofisini linaweza kulala ndani ya droo mpaka tarehe ipite, au likampata mtoto wa mtu. Tunataka lipigwe ukutani, na kwenye simu zetu.

MAKUTA IKO WAPI?

Wataulizia makuta. Tunajibu kwa sheria yao wenyewe. Malipo ya madini yanagawanywa: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa komini au sekta ambapo mine iko, 10% kwa fungu la vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kila kampuni ya mine inapaswa kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Fungu la vizazi vijavyo, mtu anaweza kutuambia kizazi kijacho ni nani kama si huyu mwanafunzi aliyesimama mbele ya mashine yenye kitambaa?

KWA HIYO TUNADAI

1. Labo moja ya wananchi Kolwezi na moja Lubumbashi, ambamo mchimbaji anaingia na sampuli yake, na mama wa kartiye anaingia na chupa ya maji ya kisima, wanalipa bei iliyoandikwa ukutani, wanatoka na karatasi yenye sahihi.

2. Kila depo irekebishe mashine yake mbele ya mashahidi wa wachimbaji, kwa unga wa kulinganishia unaojulikana, na tarehe ya kurekebisha ibandikwe juu ya mashine. Sampuli ikichukuliwa, nusu ibaki kwa muuzaji, imefungwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili.

3. Mwanafunzi wa kemia asipewe diploma kabla ya kupima sampuli yake mwenyewe, kwa mikono yake, tangu jiwe mpaka namba.

4. Kila mashine inayonunuliwa kwa pesa ya watu iwe na bajeti ya gesi, taa, vipuri na fundi kwa miaka mitano. La sivyo isinunuliwe.

5. Kampuni za mine zipokee vijana wa staje kwenye labo zao kila mwaka, kwa mashindano ya wazi, na orodha itangazwe.

6. Matokeo ya vipimo vya maji na udongo vya kila kartiye iliyo karibu na mine yatangazwe kwa Kiswahili kinachosikika, si kwa Kifaransa cha ofisi tu.

NA SISI TUFANYE NINI?

Tusikae tunangojea tu. Wewe mchimbaji, kabla ya kwenda depo, kausha mzigo wako, uuchanganye, na upime kwa madepo mawili. Andika namba, tarehe na pahali. Tukiwa na daftari mia za namna hiyo hawatatuambia tena kwamba ni maneno ya walevi.

Wewe mwanafunzi, chukua CD ya zamani, sanduku la karatasi ngumu na wembe. Uso wa CD una mistari 625 kwa kila milimita, inatosha kugawa mwanga. Kata tundu jembamba, elekeza kwenye taa ya nyumbani (usielekeze kamwe kwenye jua), utaona taa moja inatoa rangi zilizoungana na nyingine inatoa mistari iliyotengana. Haitapima kobalti ya yaya yangu. Lakini utakuwa umeishika spektroskopia kwa mkono, na kitu ulichoshika mtu hawezi kukudanganya nacho kwa urahisi.

Sisi wenye diploma za kemia, jiolojia na metalurji tusio na kazi, tujiandikishe kwenye komini zetu, tuwe na orodha. Siku watakaposema hakuna watu wa kufanya kazi hii, tuiweke orodha hiyo mezani.

Yaya aliuza kwa depo ya pili, kwa 2,3. Njiani hakusema mengi. Tulipofika nyumbani akanipa sehemu ya makuta, akasema: "Hii ni ya kukupeleka ukasome ile mashine." Haitoshi hata kwa safari. Lakini mchimbaji ambaye hakumaliza shule ya msingi ameelewa kile ambacho wenye mamlaka wanafanya kama hawaelewi.

Hatuombi zawadi. Tunaomba mizani iwe na watu pande zote mbili.